Kitambaa cha Nadhiri

"Mama, hapa unaona namba gani?"

Bertilla aliinama juu ya kile kitabu. Ukurasa mzima ulijaa vidoa vya duara, vikubwa kwa vidogo, vimebanana kama nafaka kwenye ungo. Akausogeza uso, akaurudisha nyuma. Akafumba jicho moja, kisha la pili. Namba hakuiona.

"Naona vidoa," akasema.

"Ndani ya vidoa mna namba, mama. Tulia, angalia tena."

Daktari hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana wa watu, amekuja na wenzake kupima macho bure kwa siku tatu pale Sumbawanga, na foleni ilishafika getini. Nesi wake ndiye aliyeshindwa kujizuia. Akafunika mdomo kwa faili na kusema, "Lakini mama, si umesema kazi yako ni kuchapa vitambaa vya rangi?" Watu waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu wakageuka wote kumtazama. Bertilla akajivuta khanga mabegani, na mashavu yakamwaka moto.

Daktari akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Vidoa, vidoa, vidoa vitupu. Mwisho akakifunga kitabu, akachukua kitochi na kumulika macho yake kwa muda mrefu, akaandika. Akamweleza kwamba huo si mtoto wa jicho. Ungekuwa mtoto wa jicho wangeutoa na mambo yangeisha. Tatizo liko nyuma, kwenye mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Mshipa umechoka. Nyekundu na kijani zimeshamtoka, na kwa jinsi alivyoona yeye, hazitarudi.

"Miwani je?"

"Miwani haitasaidia, mama. Njia utaiona, watu utawaona, hata kusoma utasoma. Ila rangi hizo..." Akatikisa kichwa. "Nakuandikia uende Mbeya wakakuangalie zaidi. Nisikudanganye lakini."

Mwingine angelia palepale. Bertilla hakulia. Alikikunja kile cheti mara nne, akakifunga kwenye pindo la khanga, akashukuru na kutoka. Jambo lenyewe alilijua tangu masika, pale nyanya mbivu na nyanya mbichi zilipoanza kufanana sokoni. Alichokuwa hakijui ni kwamba lina jina na kwamba halina dawa.

Nyumbani Zenon, mumewe, alimuuliza wamesema nini. "Wamesema ni moshi," akajibu. "Nipunguze kukaa jikoni." Zenon akaridhika, kwani kwa nini asiridhike? Kesho yake asubuhi akapanda paani na kulirefusha bomba la moshi la jikoni kwa futi mbili.

Kwa watu wa Chanji na mitaa ya jirani, Bertilla alikuwa mwanamke wa ulezi. Zenon, seremala, alimchongea kibao cha mninga chenye suke la ulezi, vidole vyake vimejikunja kwa ndani kama vya mtoto aliyelala. Kibao kilikuwa hicho kimoja. Kitambaa nacho kilikuwa hichohicho, marekani nyeupe. Rangi ndiyo iliyosema. Suke la kijani maana yake ulezi ungali shambani, kwa hiyo lilivaliwa kwenye ubatizo, komunyo ya kwanza na nadhiri. Suke la njano lilikuwa la harusi na jubilei. Na lile la damu ya mzee, nyekundu iliyoiva ikaelekea weusi, lilikuwa ulezi uliokwisha kukatwa na kulazwa ghalani. Hilo lilikuwa la msiba na arobaini, basi.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Bertilla aliianza kwa kuchapia ndugu zake, watu wakaifuata, na baada ya miaka ishirini ikawa ya mji. Ukiwa ng'ambo ya barabara ukaona kundi la watu wamevaa ulezi, ulijua kabla hujawafikia kama utasema hongera au utasema pole. Maduka yamejaa vitenge vya kila namna, vya bei chee, lakini mtu mwenye jambo lake la maana alikwenda kwa Bertilla, Mama Kelvin.

Ndivyo walivyokuja Polikarp na mkewe Cornelia, wakulima wa Ilemba, mwezi wa sita baada ya mavuno. Mtoto wao Monika alikuwa anaweka nadhiri za daima. Miaka kumi alikuwa kwa masista, na sasa anajitoa moja kwa moja. Polikarp alikuwa na furaha mpaka anashindwa kukaa kitini.

"Tunataka sare ya ukoo mzima, Mama Kelvin. Watu thelathini. Ule ulezi wako wa kijani. Siku hiyo Ilemba ijulikane!"

"Hongereni sana," Bertilla akasema. "Hongera, Mama Monika."

"Ahsante," Cornelia akajibu. Tangu aingie alikuwa amesema shikamoo kwa Zenon na hiyo ahsante, basi. Wengine wangemwona anaringa. Bertilla alidhani amechoka na safari ya kupanda mlima kutoka bondeni.

Hapo ndipo angesema. Hapo hapo, kabla chai haijapoa: jamani, macho yangu yana kasoro, nendeni dukani. Lakini kusema hivyo ni kujizika na mkono wako mwenyewe, na Bertilla alikuwa na miaka hamsini na mbili tu. Isitoshe alikuwa na mpango. Makopo ya rangi hayakuwa na maandishi, ila yalikaa kwenye rafu kwa mstari, na mstari wake aliujua hata akifumba macho: kijani karibu na mlango, kisha njano, kisha bluu, nyeusi, na mwisho ukutani damu ya mzee. Miezi minne alikuwa akichapa kwa mstari huo na hakuna aliyegundua.

"Njooni Jumatano, siku tatu kabla ya misa," akawaambia. "Mtakuta tayari."

Jenifa, mke wa mwanawe Kelvin, alikuwa mkwe wa kutamaniwa. Mumewe akiwa Kasanga kwenye mizigo ya bandarini, yeye alibaki na wakwe zake, na kazi hakungoja kutumwa. Wiki ile aliona kinyesi cha panya kwenye kibanda cha kazi. Akatoa kila kitu nje, akafagia, akapiga deki, akaifuta rafu na kurudisha makopo safi yakimeta. Aliyapanga kwa ukubwa, makubwa mlangoni na madogo ukutani, ipendeze. Kopo la damu ya mzee lilikuwa jipya, kubwa kuliko yote.

Bertilla aliingia siku ya pili yake, akasikia sakafu inanukia sabuni, akafurahi. Akanyoosha mkono mlangoni, akachukua kopo la kwanza. Alipolifungua aliona kile alichokuwa akikiona siku zote, matope ya uji. Kijani kilikuwa matope, nyekundu ilikuwa matope. Akakoroga, akachovya kibao, akaanza.

Mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote, hilo lazima lisemwe. Kibao kilitua pale kinapotakiwa, suke kwa suke, safu moja ikitazama kushoto na nyingine kulia, bila kuacha pengo wala kupandana. Alichapa siku mbili, upepo wa kipupwe ukipiga mabati. Aliimba. Kazi ilikuwa inamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kile kitabu cha vidoa aliona kwamba labda ataweza kuishi hivi mpaka mwisho.

Jenifa alikuja kumsaidia kuanika. Akatandaza kitambaa cha kwanza kwenye kamba, akasimama.

"Mama," akasema taratibu, "hivi hii ndiyo ya Mama Monika?"

Bertilla aligeuka ghafla. Mtu anayeficha kitu husikia shutuma hata kwenye salamu. "Kwani nani mwenye kazi hapa? Mimi au wewe?"

"Wewe, mama."

"Basi anika."

"Samahani, mama," Jenifa akasema, akainamisha macho na kuanika vyote thelathini bila kuongeza neno. Angeongeza vipi? Huyo ni mama mkwe, na tena ndiye aliyezianzisha rangi zenyewe. Pengine wenye shughuli wana desturi yao huko Ilemba. Pengine kuna kazi mbili.

Jioni Zenon alipita chini ya kamba akitoka karakana, akashika pindo, akalitazama kwa karibu. "Kimetoka safi sana," akasema. Bertilla alishusha pumzi alizokuwa amezishika siku mbili. Zenon yeye alikuwa anatazama kingo za suke, maana kibao alikichonga yeye. Kuhusu rangi alijisemea kwamba kuna watu wamefiwa, ataambiwa.

Jumatano Polikarp akaja na bodaboda, akachukua furushi lililofungwa kwa magazeti, akalikumbatia kama mtoto na kuondoka.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka barazani. Bertilla na Zenon walipata nafasi kwenye benchi la katikati. Kwaya ikaanza, watu wote wakageuka mlangoni, na maandamano yakaingia: watumishi wa altare, mapadre na Askofu, masista, halafu Monika, na nyuma yake wazazi na ukoo.

Bertilla alinyoosha shingo. Aliwaona Polikarp na Cornelia mbele, na mashangazi na wajomba nyuma yao, wote sare. Masuke yalikuwa yamekaa vizuri kwenye mabega na kwenye pindo za magauni. Akatabasamu.

Kisha akasikia kanisa linanyamaza. Kwaya iliendelea, ila vigelegele vilivyokuwa vimeanza kule mlangoni vilikufa kimoja kimoja. Nyuma yake mwanamke mmoja akasema, "Mh! Mbona wamevaa msiba?"

"Nani kafa?" mwingine akauliza.

"Hakuna aliyekufa. Si mama yake huyo? Tangu mwanzo hakutaka. Mtoto mmoja tu, utampata wapi mjukuu? Sasa ameamua kutuonyesha."

"Mbele ya Askofu! Mwanamke ana roho!"

Bertilla alikaza macho mpaka yakatoa machozi, akitafuta kijani kwenye vile vitambaa vilivyokuwa vinapita hatua mbili kutoka pale alipokuwa. Akaona matope. Akamshika Zenon mkono.

"Baba Kelvin. Ile sare ni rangi gani?"

Zenon akamgeukia kwa mshangao. "Rangi gani kivipi? Si ile ya msiba? Nilidhani ndivyo walivyokuagiza."

Misa ilichukua saa tatu. Bertilla hakusikia hata sentensi moja. Alimwona tu Monika akilala kifudifudi mbele ya altare, na wazazi wake wakisimama pembeni kwa zile nguo, na watu wakitazamana.

Nje, ulipofika wakati wa pongezi, Sista Monika alimkumbatia baba yake. Alipofika kwa mama yake alisimama. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Mama, hata leo?" akasema. "Ungeniambia jana, ungeniambia mwaka jana. Lakini leo, mama, mbele ya watu wote?"

Cornelia alishika pindo la gauni lake. Polikarp alikuwa anatazama viatu vyake. Sista Monika akaenda kukaa na wenzake, na meza ya wazazi ikabaki na soda zake na keki yake bila kuguswa. Bertilla aliyaona yote hayo kutoka kwenye kona ya ukuta. Hakwenda mbele. Pilau ilipoanza kugawiwa alimwambia Zenon anaumwa kichwa, wakaondoka.

Nyumbani alimwita Jenifa, na msichana akaja, macho chini.

"Uligusa makopo?"

"Niliyapanga, mama. Kulikuwa na panya." Akaanza kulia. "Nilitaka kukuambia, mama. Siku ile ya kuanika nilitaka kukuambia. Nikaogopa."

Hasira zilimpanda Bertilla, akafungua kinywa kumtukana. Halafu akakumbuka alivyomjibu siku ile kwenye kamba, na hasira zikakosa pa kwenda. Akaketi kwenye kigoda. Zenon akawa anamtazama huyu, anamtazama yule, haelewi.

"Makopo hayana maandishi, najua," akasema. "Lakini mtu anafungua, anaona. Sasa makopo yamefanyaje?"

Bertilla alifungua pindo la khanga, akatoa cheti na kumpa. Zenon akavaa miwani yake, akasoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza akasoma tena. Akakiweka mezani na kukinyoosha kwa kiganja.

"Ulisema moshi."

"Nilisema."

"Nikapanda juu ya paa kwa ajili ya moshi." Hakuwa mtu wa kulia, akageukia dirishani. Jenifa akamletea maji ya kunywa.

Mwishowe Zenon ndiye aliyepata njia. Tuseme ni Jenifa, akasema. Tuseme Mama Kelvin alikuwa na homa, kazi akaachiwa mkwe, mkwe akakosea kopo. Yeye bado kijana, watu watacheka wiki mbili na kusahau. Wewe ukisema ukweli, nani atakuletea kazi tena? Hata ukichapa sawasawa, mtu atakipeleka kitambaa nje kwenye jua kumwuliza jirani kama kweli ni kijani.

"Mimi nakubali, baba," Jenifa akasema upesi. "Semeni ni mimi. Kwani si nilihamisha mimi?"

Mshawasha ulimshika Bertilla, nisikufiche. Siku mbili alitembea nao. Alijiona anaingia kwa Cornelia, anamsukuma msichana mbele, anasema huyu hapa, msameheni, ni mtoto. Lingeisha. Lakini kila alipofika hapo alimwona Jenifa akiwa na miaka hamsini, watu wa Chanji bado wakimwita yule aliyevisha watu msiba siku ya nadhiri. Na aliyemfokea msichana huyo pale kwenye kamba, alipotaka kumwokoa, alikuwa yeye mwenyewe. Jumatatu jioni alisikia kwamba Sista Monika ataondoka Jumatano kwenda kituo chake, mbali, na mama yake anapanda kesho kutoka Ilemba kujaribu kumwona. Jumanne asubuhi akavaa sweta, akaenda peke yake.

Walimkaribisha kwenye chumba cha wageni cha nyumba ya masista. Cornelia alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani. Sista Monika alikaa mbali naye, na kati yao alikuwepo Sista Mkubwa, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole.

Bertilla hakungoja maji ya kunywa. "Sista, mama yako hana kosa," akasema akiwa bado amesimama. "Kosa ni langu. Baba yako aliagiza kijani. Mimi nimechapa ile nyingine kwa sababu macho yangu hayaoni rangi. Tangu masika hayaoni. Nilificha."

Sista Monika alimtazama kwa jicho la mashaka. "Mama Kelvin, wewe? Mji mzima unavaa rangi zako. Mama amekuomba uje useme hivi?"

"Hajaniomba."

"Wewe ni mtu mwema, nakufahamu. Unataka kumfunika."

Bertilla akatafuta cheti kwenye pindo, akakumbuka kimebaki mezani kwa Zenon. Sista Mkubwa akanyanyuka. Akatoa kwenye droo rozari mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, akaziweka kwenye kiganja kila moja upande wake.

"Samahani, Mama Kelvin. Nyekundu ni ipi?"

Aliziangalia. Akaziinamia karibu zaidi. Akanyoosha kidole. "Hii."

Sista Mkubwa akachukua kitambaa cha meza, akachukua na kadi ya ukutani yenye maua. Na hii? Na ua hili? Bertilla alijibu, akijua kwa nyuso zao kwamba anakosea, na akaendelea kujibu. Mnovisi aliyeleta chai, binti anayejiandaa kuwa sista, alisimama mlangoni na sinia, mdomo wazi. Ilipofika mara ya tano Sista Mkubwa akazirudisha rozari kwenye droo.

"Inatosha," akasema. "Kaa, mama. Tafadhali kaa."

Sista Monika tayari alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya ule mkoba. "Nisamehe, mama. Nilikufikiria vibaya. Nisamehe." Cornelia akaweka mkono juu ya shela ya mwanawe, akaupapasa mgongo. Alisema, "Yameisha, mwanangu. Yameisha."

Bertilla alikunywa chai yao. Ilimshuka kwa shida, lakini alikunywa yote. Alijua kwamba yule mnovisi ana dada yake sokoni, na kabla ya Jumapili habari itakuwa imeshafika kila kona. Miaka ishirini ilikuwa imeishia kwenye kile chumba.

Waliondoka pamoja, yeye na Cornelia, wakielekea stendi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki, na vumbi lilikuwa jingi. Bertilla alingoja ahsante. Usimlaumu, mtu akitoa kitu kikubwa hivyo hungoja angalau neno. Neno halikuja. Walipofika kwenye miti ya mikaratusi Cornelia akasimama.

"Nilifungua furushi Jumatano ileile," akasema.

Bertilla akageuka.

"Baba Monika alipiga kelele. Alitaka arudi nalo usiku ule ule. Nafasi ilikuwepo, Mama Kelvin, hata kama ni kwenda kununua dukani. Mimi ndiye niliyekataa, na ndugu wakashona walichopewa. Nilimwambia Mama Kelvin hakosei rangi. Nilimwambia, yule mwanamke nilikaa naye dakika chache tu na amenijua."

"Amekujua vipi?"

"Miaka kumi watu wananiambia hongera." Sauti ya Cornelia ilikuwa ndogo, ikabidi Bertilla asogee. "Padre, majirani, mume wangu. Mtu akinikuta nalia ananiambia furahi, umemzalia Mungu. Nimezaa mmoja, Mama Kelvin. Nyumba yangu ikifungwa imefungwa. Nikafungua yale magazeti nikaona ile rangi, nikakaa chini. Nikasema, kumbe kuna mtu mmoja duniani amenipa pole."

Basi la Ilemba lilikuwa limeshawasha injini kule stendi. Konda aliita majina ya vijiji.

Uongo ulikuwa karibu, rahisi, na ungemfaa kila mtu: ndiyo, nilikuona. Lakini Bertilla alikuwa ametoka kuulipia ukweli asubuhi ileile. "Sikukuona, Mama Monika," akasema. "Nisamehe. Sikuona kitu."

"Najua. Nimekusikia mle ndani." Cornelia akafuta uso kwa kiganja. "Usimwambie Monika haya. Aende akiwa na amani. Mimi nimeshazoea."

Akafungua mkoba na kutoa lile gauni, limekunjwa vizuri. Akasema hatalichoma wala kulitupa, ingawa Polikarp amemwamuru. Akasema pia, kama mtu anayempa mwenzake haki yake, kwamba katika kazi zote za ulezi alizoziona maishani hii ndiyo nzuri kuliko zote.

Bertilla alilipokea. Akaligeuza upande wa jua, akalisogeza mpaka likamgusa pua. Masuke yalikuwa yamejipanga, kila kidole mahali pake, safu kwa safu, kazi safi ya mikono yake mwenyewe. Akaitafuta ile rangi. Aliitafuta kwa muda mrefu, na Cornelia akamwacha aitafute. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yale aliyoyazuia kwa daktari, kanisani na mbele ya masista, yakatoka yote kwa pamoja na kulilowesha gauni.

Alipoweza kusema alilikunja, akalirudisha kwenye mkoba na kuufunga mwenyewe. Kisha akamshika Cornelia mabega yote mawili.

"Mama Monika," akasema, "pole. Sasa nakuambia mimi, kwa mdomo wangu. Pole kwa mtoto wako."

Cornelia alimtazama. Akakaa chini palepale kwenye vumbi la kando ya barabara, watu wakipita, na akalia kwa sauti kubwa kama anavyolia mtu aliyefiwa. Bertilla akakaa naye chini. Konda akapiga kelele mara mbili, akapiga na ubavu wa basi, kisha basi likaondoka.